Mafuta ya Kukatia Chuma na Ugonjwa wa Saratani

Wengi wa wenzangu wa darasa letu, wakiisha kufanya mtihani wa mwisho, hawatakwenda Chuo Kikuu. Wengine watakwenda shule za ufundi, na wengine wataingia moja kwa moja katika karakana za Kampala au Jinja kujifunza kazi ya chuma. Kazi hiyo ni njema, na mshahara wake si haba. Lakini iko habari moja ambayo mara nyingi mwanafunzi wa kazi haambiwi siku yake ya kwanza, nayo ndiyo nitakayoiandika hapa: mafuta yanayomiminwa juu ya chuma kinapokatwa yamepata kuwaletea watu saratani. Jinsi jambo hilo lilivyojulikana ni hadithi ndefu, tena yastahili kusomwa na kila atakaye kushika kerezo.

Kwanza yafaa tujue mafuta hayo ni nini. Kerezo, ambalo mafundi wengi huliita leithi, ni mashine inayozungusha kipande cha chuma mbele ya kisu kigumu, na kisu hukimenya chuma kama mtu amenyavyo chungwa. Kati ya kisu na chuma pana msuguano mkali, na msuguano huleta moto. Moto ukizidi, kisu hupoteza makali yake na kazi huharibika. Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani walizoea kumwagia maji au mafuta mahali pale. Katika miaka ya 1880 Mwamerika mmoja, Frederick Taylor, alilipima jambo hili kwa uangalifu, akaona kwamba maji mengi yakimiminwa pale pale kisu kinapong'oa chuma, kazi yaweza kwenda kwa kasi zaidi kwa 30 au 40 katika kila 100. Ni mwenye kiwanda gani angeikataa faida ya namna hiyo? Lakini maji matupu huleta kutu, wala hayalainishi. Basi ndipo mafuta yalipopata kazi kubwa.

Siku hizi ziko aina kadha wa kadha. Yako mafuta matupu yatokayo katika petroli ya ardhini, yasiyotiwa maji. Yako mafuta yanayochanganywa na maji mengi, yakawa meupe kama maziwa. Tena iko aina isiyo na mafuta ya petroli hata kidogo, ila ni maji yenye dawa za viwandani. Na nyingine iko katikati. Zote zina tabia moja: haziko tayari kukaa mahali pake. Chuma kinapozunguka kwa kasi huzirusha, zikatapakaa juu ya mikono, kifua na mapaja ya fundi. Na moto wa kisu huzigeuza kuwa ukungu mwembamba, ambao fundi huuvuta puani mchana kutwa. Basi humwingia kwa ngozi na kwa pumzi.

Habari ya hatari yake haianzi na chuma, bali yaanza na masizi. Mwaka 1775 daktari mmoja wa upasuaji mjini London, Percivall Pott, wa hospitali ya St. Bartholomew, aliandika juu ya watu waliosafisha dohani za nyumba. Kazi hiyo ilifanywa na watoto wadogo, kwa kuwa dohani zilikuwa nyembamba na mtu mzima hawezi kupita. Walipanda ndani yake, wakatoka weusi kwa masizi, wala hawakuoga mara kwa mara. Walipokuwa watu wazima, baadhi yao walipatwa na kidonda kibaya katika ngozi ya mfuko wa korodani. Watu walidhani ni ugonjwa wa zinaa, wakatibiwa kwa dawa isiyo yake. Pott alisema sivyo: hii ni saratani, na chanzo chake ni masizi yaliyokaa katika mikunjo ya ngozi. Tena alisema kidonda kikikatwa mapema mtu hupona, kikiachwa humwua.

Nimelitaja jina la mahali pale bila kuzungukazunguka, nami naomba wasomaji wasicheke. Mtu aonaye haya kumwonyesha daktari kidonda chake huchelewa, na katika ugonjwa huu kuchelewa ndiko kunakoua.

Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa daktari kuonyesha kwamba kazi ya mtu yaweza kumpa saratani. Je, watoto waliondolewa katika dohani mara moja? La. Sheria zilitungwa, zikavunjwa, zikatungwa tena, na mpaka ulipofika mwaka 1875 ndipo ilipopatikana sheria iliyokomesha kazi hiyo kweli kweli. Yaani miaka 100 kamili tangu Pott alipoandika. Mwanafunzi wa historia aweza kukaa juu ya tarehe hizo mbili na kufikiri.

Masizi yana nini ndani yake? Jibu lilitoka mbali. Mwaka 1915 Wajapani wawili, Yamagiwa na Ichikawa, walipaka lami ya makaa ya mawe masikioni mwa sungura. Walipaka, wakapaka tena, miezi mingi, bila kuchoka, mpaka saratani ikatokea mahali pale pale palipopakwa. Nadhani katika hadithi hii yote hawa ndio waliokuwa na subira kupita wote. Kisha mwaka 1933 wataalamu wa London walichukua tani 2 za lami, wakaichuja na kuichuja, wakatoa kiasi kidogo tu cha kitu kiitwacho benzopairini, nacho kilipojaribiwa juu ya ngozi za panya kilileta saratani. Benzopairini ni mmoja wa ukoo mkubwa: molekuli zake zimefanywa kwa pete za kaboni zilizoshikamana kama vyumba vya nyuki. Ukoo huo wamo katika masizi, katika lami, katika moshi wa sigara, na katika mafuta ya petroli yasiyosafishwa sawasawa.

Basi sasa twafika kwenye mafuta. Katika jimbo la Lancashire, Uingereza, palikuwa na viwanda vingi vya kusokota pamba. Mashine yao iliitwa Nyumbu, nayo ilibuniwa na Samuel Crompton mwaka 1779. Iliitwa hivyo kwa kuwa ilizaliwa na mashine mbili za zamani zilizo mbali mbali, kama nyumbu azaliwavyo na punda na farasi. Mashine hiyo ilikuwa na mamia ya vijiti vilivyozunguka kwa kasi, na kila kijiti kilitaka mafuta. Chumba kiliwekwa joto na unyevu ili uzi usikatike, kwa hiyo wasokotaji walivaa suruali nyepesi. Siku nzima waliinama juu ya chuma cha mbele cha mashine kuunga nyuzi zilizokatika, na mafuta yaliyorushwa na vijiti yalilowesha suruali yao mahali pa mapaja na kinena.

Mwaka 1922 madaktari wawili wa Manchester, Southam na Wilson, walifungua madaftari ya hospitali yao, wakahesabu wagonjwa wote wa saratani ya mfuko wa korodani waliotibiwa hapo tangu 1902. Walikuwa 141. Katika hao, msafishaji wa dohani alikuwa mmoja tu. Wafanyakazi wa lami na mafuta ya taa walikuwa 22. Na wasokotaji wa pamba walikuwa 69! Hakuna aliyewapiga darubini, wala hakuna aliyepaka kitu masikioni mwa sungura. Walichofanya ni kusoma mstari mmoja katika daftari, ule usemao: Kazi yako ni nini? Ugonjwa huo ulikuwa ukiwaua watu kwa miaka mingi mbele ya macho ya kila mtu, lakini kila daktari alimwona mgonjwa wake mmoja mmoja, na mmoja mmoja hawaonyeshi kitu. Mpaka walipojumlishwa.

Sheria ya kuwataka wenye viwanda watumie mafuta meupe yaliyosafishwa vizuri ilitoka mwaka 1953. Wakati huo viwanda vya Nyumbu vilikuwa vimeanza kufungwa kwa sababu nyingine, yaani biashara ya pamba ilikuwa imekwisha kuhamia nchi nyingine. Basi sheria ilifika mazishini.

Lakini mafuta hayakuzikwa. Yalikuwa yamehamia kwa mafundi wa chuma. Katika mji wa Birmingham, ambao ni mji wa wahunzi tangu zamani, madaktari walianza kuona ugonjwa ule ule kwa watu waliosimamia mashine za kufanya boliti, nati na vipuri vidogo vidogo. Walisimama kama wale wasokotaji walivyosimama: wakiinama juu ya mashine, mafuta yakiwarukia kinenani, na kitambaa chenye mafuta kimetiwa katika mfuko wa suruali. Kule Ufaransa, katika bonde la mto Arve, karibu na mpaka wa Uswisi, ambako watu ni mafundi wa vipuri vidogo tangu siku za kutengeneza saa, madaktari walitoa habari ya namna hiyo hiyo mwaka 1970.

Kesi moja ya Birmingham ya mwaka 1968 nataka kuieleza zaidi. Fundi mmoja wa kupanga mashine katika kiwanda cha boliti na nati alifanya kazi kwa miaka mingi huku nguo zake zikilowa mafuta, akapatwa na saratani ya mfuko wa korodani, akafa. Mjane wake alikwenda mahakamani. Kiwanda kile hakikuwa kibaya kama tunavyoweza kudhani. Kilikuwa na daktari wake mwenyewe, wa kazi ya kudumu. Na hapo ndipo penye jambo. Daktari yule alijua kwamba mafuta yaweza kuleta saratani. Lakini aliona kwamba hatari ni ndogo, na wanaoipata ni wachache, kwa hiyo hakuona haja ya kuwapima mafundi mara kwa mara, wala hakuwaeleza dalili za kuangalia. Jaji Swanwick aliamua kwamba kiwanda kilikosa. Alisema, kwa maana yake, kwamba mwajiri mwenye busara hukaa akafikiri juu ya usalama wa watu wake kwa kadiri ya ajuavyo na kwa kadiri impasavyo kujua. Na kama ajua zaidi kuliko wengine, basi wajibu wake ni mkubwa zaidi. Mafundi walipaswa kuambiwa, na kukaguliwa kila miezi 6. Hukumu hiyo yatajwa mahakamani mpaka leo.

Tumefanya mjadala juu ya kesi hii katika chama chetu cha mijadala, na wengine walimtetea daktari. Walisema: akiwatisha watu elfu kwa ajili ya mmoja, je, si atawaharibia usingizi wote? Mimi sikubaliani nao. Saratani ya ngozi yaonekana kwa macho na yatibika ikikatwa mapema. Mtu akiambiwa aangalie, huangalia kwa dakika moja akioga. Usingizi wa elfu haukuwa bei kubwa.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liitwalo IARC, liliyaweka mafuta ya petroli yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa kidogo tu, katika daraja la kwanza mwaka 1987, yaani daraja la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa huleta saratani kwa wanadamu. Lilirudia hukumu hiyo mwaka 2012. Angalieni maneno hayo: yasiyosafishwa, au yaliyosafishwa kidogo. Tangu miaka ya 1950 na kuendelea watengenezaji walijifunza kuyasafisha mafuta kwa nguvu zaidi na kuutoa ule ukoo wa pete za kaboni. Mafuta yaliyosafishwa vizuri si sawa na yale yaliyowaua wasokotaji. Lakini hata hayo, yakitumiwa muda mrefu bila kubadilishwa, yakachomwa na moto wa kisu siku baada ya siku, ukoo ule huweza kuanza kuongezeka ndani yake tena.

Wengine walidhani dawa ni kuyaacha mafuta kabisa na kutumia maji yenye dawa. Hapo likatokea jambo ambalo mwanafunzi wa kemia atalipenda, ingawa ni la huzuni. Katika maji hayo walitia nitriti ili kuzuia kutu, na pamoja nayo walitia dawa za jamii ya amini, ziitwazo ethanolamini. Kila moja peke yake haikuwa na sifa mbaya sana. Lakini zikikaa pamoja katika pipa moja hufanya kitu cha tatu kiitwacho nitrosamini, na jamii hiyo ya vitu huleta saratani kwa wanyama. Mwaka 1977 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wamekipima katika maji ya kukatia yaliyokuwa yakiuzwa, na katika baadhi yake kilifika karibu sehemu 3 katika 100. Hakuna aliyekitia humo, kilijifanya chenyewe. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ilikataza kutia nitriti katika baadhi ya maji hayo. Na kwa kuwa maji huzaa bakteria, yakaoza na kunuka siku ya Jumatatu asubuhi, hutiwa dawa za kuua vijidudu, na baadhi ya dawa hizo hutoa formalini kidogo kidogo, nayo imo katika daraja lile la kwanza la IARC.

Uchunguzi mkubwa kuliko wote ulifanywa katika jimbo la Michigan, Marekani. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikubaliana na kampuni ya General Motors kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard wafuate maisha na vifo vya wafanyakazi zaidi ya 46,000 wa viwanda vitatu. Waliangalia nani alifanya kazi gani, kwa mafuta ya namna gani, miaka mingapi, na alikufa kwa ugonjwa gani. Waliona kwamba saratani za kikoromeo, za mwisho wa utumbo mkubwa, na nyingine kadhaa zilizidi kwa baadhi ya watu waliotumia mafuta hayo kwa muda mrefu. Utafiti mwingine wa baadaye, katika majimbo ya kaskazini mashariki ya nchi hiyo hiyo, uliona kwamba wanaume waliotumia mafuta matupu walikuwa na hatari zaidi ya saratani ya kibofu cha mkojo.

Mwaka 1998 taasisi ya serikali ya Marekani ya afya kazini, NIOSH, ilishauri kwamba ukungu huo katika hewa usizidi miligramu 0.5 katika kila mita moja ya ujazo. Wakati huo watu kama 1,200,000 nchini humo walikuwa wakikutana na mafuta hayo kazini. Lakini ushauri si sheria. Sheria ya huko juu ya ukungu wa mafuta ya petroli yaruhusu miligramu 5, nayo haijabadilishwa. Chama cha UAW kiliomba ibadilishwe tangu mwaka 1993. Idara inayohusika ililiacha jambo hilo mwaka 2001, na mahakama ya rufani mwaka 2004 ilikataa kuilazimisha.

Na tufanye hesabu kidogo. Mtu afanyaye kazi huvuta kama mita 10 za ujazo za hewa katika saa 8. Kwa kipimo cha ushauri atavuta miligramu 5 kwa siku, na kwa kipimo cha sheria miligramu 50. Akifanya kazi siku 250 kwa mwaka, hizo ni gramu 1.25 upande mmoja, na gramu 12.5 upande wa pili. Si yote yabakiayo mapafuni, maana mengine hutoka kwa pumzi. Lakini tofauti ya mara kumi kati ya ushauri na sheria ni jambo la kushangaza kwa watu walioko chini ya serikali moja.

Yapasa niwe mwadilifu. NIOSH yenyewe ilisema kwamba ushauri wake ulilenga hasa magonjwa ya kifua, na kwamba wengi wa waliokufa kwa saratani katika uchunguzi ule walianza kazi miongo mingi nyuma, wakati mafuta yalikuwa machafu zaidi. Kama mafuta ya leo yana hatari kiasi gani, jibu kamili litatoka miaka ijayo. Tena hata zamani, mafundi walio wengi hawakupata saratani. Na mtu avutaye sigara huku akiogopa ukungu wa kerezo hajui kuhesabu.

Nilipomweleza haya yote kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni fundi wa kerezo, alinionyesha mikono yake akasema, "Mdogo wangu, nimeyashika mafuta haya miaka kumi na miwili. Unaona ugonjwa gani hapa? Na pale karakana tuko kumi na wanane, hakuna hata mmoja."

"Kaka," nikamwuliza, "walioacha kazi wako wapi?"

Alifikiri, akasema hajui. Mtu akiacha kazi hurudi kwao.

Basi jibu lake ndilo hilo. Saratani hizi hukawia miaka 20, 30 au zaidi tangu mtu alipoanza kushika mafuta. Miaka 12 bado ni mapema. Na mtu akiugua hatabaki kazini ili wenziwe wamwone. Atarudi kijijini, na atafia huko, na mahali pake ataajiriwa kijana mwenye afya. Kutafuta ugonjwa miongoni mwa walio kazini ni kama kuhesabu wanafunzi wa darasa letu la mwisho, halafu kusema kwamba katika shule hii hakuna aliyepata kushindwa mtihani.

Yako mambo katika karakana zetu ambayo yaweza kufanywa bila kungoja serikali yoyote. Baya kuliko yote niliyoyaona ni desturi ya kukatia chuma kwa mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka katika injini za magari, kwa sababu hayana bei. Mafuta hayo yamepikwa ndani ya injini maelfu ya maili, na ule ukoo wa pete za kaboni umejaa humo. Ni kama kurudi kwa wasokotaji wa Lancashire, tena kwa mafuta mabaya zaidi. Aibu ni kwamba karatasi ya mafuta mapya yaweza kumwambia mnunuzi kila kitu: yako mafuta yaliyopimwa kwa kipimo kiitwacho IP 346, na yakiwa chini ya asilimia 3, sheria za Ulaya haziyahesabu kuwa ya kuleta saratani. Mwenye karakana aweza kumwuliza muuzaji swali hilo, na muuzaji asiyeweza kulijibu asinunuliwe.

Kitambaa chenye mafuta kisitiwe mfukoni. Kina mahali pake msumarini. Kinga ya bati mbele ya kerezo yaweza kufanywa na fundi yeyote kwa saa moja, nayo huzuia mafuta mengi kuliko aproni. Ovaroli lililolowa livuliwe, lisivaliwe mpaka nyumbani, wala lisifuliwe pamoja na nguo za watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, si kwa petroli wala tina, kwa maana vitu hivyo huyaondoa mafuta ya asili ya ngozi, na kufungua njia kwa yale ya mashine. Na dirisha lifunguliwe, ingawa dirisha peke yake halitoshi mahali penye mashine nyingi.

Dalili za kuangalia ni hizi: chunjua au kidonda kisichopona, mikononi, mapajani au pale Pott alipopataja, sauti iliyokauka zaidi ya majuma matatu bila mafua, na damu katika mkojo. Hii ya mwisho yahitaji hadhari, maana penye kichocho watu husema, "Ah, ni kichocho tu," wakanywa dawa, wakanyamaza. Huenda ni kichocho kweli, na kichocho kilichokaa muda mrefu nacho huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa vyovyote mtu apimwe.

Tena huko hospitali liko jambo moja zaidi. Kampala kuna daftari la wagonjwa wa saratani lililoanzishwa katika miaka ya 1950, moja la yale ya zamani sana katika Afrika. Na ni katika hospitali ya Mulago kwamba Denis Burkitt, baada ya kuandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto, alianza kuuliza ugonjwa huo unapatikana nchi gani na haupatikani wapi, hata mwaka 1961 akasafiri kwa gari majuma kumi akiuliza hospitali kwa hospitali. Alihesabu kwa mahali, kama wale wa Manchester walivyohesabu kwa kazi. Lakini hesabu ya kazi haiwezi kufanywa kama mgonjwa mwenyewe amejibu vibaya. Karani akiuliza kazi, watu wetu husema "mkulima," kwa kuwa ndiyo waifanyayo sasa huko kwao, au husema "kibarua." Aliyekaa mbele ya kerezo miaka 20 na aseme hivyo: fundi wa kerezo, miaka 20, mafuta ya namna fulani, na karani aandike yote.